Moto wa Gari Kuukuu Huanza Kabla ya Safari

Msimu wa korosho unapofunguliwa katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa, barabara hupata uhai mpya. Malori huingia kuchukua mzigo maghalani, makarani wa vyama vya msingi huenda na kurudi, wakulima huja mjini kufuata malipo yao, na wazazi huanza kupanga sare na madaftari ya watoto. Katika pilikapilika hizo hakuna chombo kinachofanya kazi zaidi ya gari kuukuu: gari dogo la mtumishi lililonunuliwa kwa mkopo wa chama cha akiba, pikapu ya mfanyabiashara, basi dogo la abiria, na lile gari la ofisi ambalo limekwisha kubadilishiwa madereva mara nyingi kuliko matairi.

Magari hayo yanastahili shukrani. Yanastahili pia kutazamwa kwa tahadhari, kwa sababu gari lolote hubeba vitu vitatu ambavyo vikikutana huzaa moto: mafuta, umeme na joto. Katika gari jipya vitu hivyo hutenganishwa na mipira mizima, nyaya zenye ngozi kamili na vifungo vilivyokaza. Katika gari kuukuu lisilotunzwa, mipaka hiyo huliwa kidogo kidogo, hadi siku moja ikatoweka. Siku hiyo watu husema kwamba imetokea ajali. Ukweli ni kwamba moto huo ulikwisha kuanza miezi mingi nyuma, siku ile mwenye gari aliponusa harufu ya petroli akajiambia kwamba ataangalia mwisho wa mwezi.

Wananchi wa wilaya hizi mbili wana sababu ya pekee ya kulitilia maanani jambo hili. Reli ambayo wakoloni waliijenga kutoka pwani hadi Nachingwea kwa ajili ya mradi wa karanga ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na jina la kata ya Stesheni likabaki kuwa ukumbusho wake. Tangu wakati huo karibu kila kitu hupita barabarani kwa magurudumu ya mpira. Mgonjwa wa Kilimarondo, mwalimu wa Mbekenyera, mwanachuo wa Chuo cha Ualimu Nachingwea na gunia la ufuta la Mandawa, wote humtegemea dereva. Kutoka Masasi hadi Nachingwea ni kilomita zipatazo 45. Kutoka Nanganga hadi Ruangwa ni zaidi ya kilomita 50. Ndani ya wilaya zenyewe ziko njia ndefu zaidi zinazopita katika mapori ambamo nyumba ya mtu ni nadra kuonekana.

Gari dogo likishika moto huweza kuteketea kwa dakika chache. Hata kama Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lingekuwa na magari mapya na askari walio tayari usiku na mchana katika kila makao makuu ya wilaya, lisingeweza kushindana na dakika hizo katika njia ya Kilimarondo. Hapana budi jambo hili lielezwe waziwazi: katika sehemu za mashambani, mzimaji wa kwanza wa moto wa gari ni yule mwenye gari, na kazi yake haianzi pale miali inapoonekana. Huanza gereji, na huanza asubuhi kabla ya ufunguo kuzungushwa.

Yafaa basi kueleza jinsi moto huo unavyojengwa, kwa maana adui asiyejulikana hapigwi.

La kwanza ni mafuta. Petroli haingoji kuguswa na kibiriti. Mvuke wake unaweza kuwaka hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, seuze katika jua la Oktoba. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hushuka chini, hutambaa na kujikusanya mahali pasipoonekana, ukingoja cheche moja. Mipira inayopeleka petroli kwenye injini huzeeka kwa joto: hukauka, hupasuka nyufa ndogo, kisha huanza kutoa jasho. Mara nyingi klipu ya kuikaza imekwisha kupotea na mahali pake umefungwa waya wa kawaida. Tone likidondoka juu ya bomba la kutolea moshi karibu na injini, ambako joto linaweza kupita nyuzi 500, halina nafasi ya kufika chini. Oili inayovuja kwenye gasketi iliyochoka huweza kufanya vivyo hivyo. Wenye magari ya dizeli nao wasijione kuwa wamesalimika. Dizeli ni ngumu zaidi kuwaka, lakini ikirushwa na mpira uliopasuka juu ya chuma kilichoiva, huwaka.

La pili ni umeme. Wapo watu wanaodhani kwamba betri ya volti 12 haina madhara kwa kuwa haimrushi mtu. Huo ni upotofu. Betri hiyo hiyo, nyaya zake zikigusana, hutoa mamia ya ampea kwa mkupuo mmoja, na waya huwa mwekundu kama kaa la moto. Ndiyo maana gari limewekewa fyuzi. Fyuzi ni mlinzi aliyeajiriwa afe ili gari lipone. Inapoungua, inatoa taarifa kwamba mahali fulani nyaya zimechunika au chombo fulani kinavuta umeme kupita kiasi. Dereva anayeondoa fyuzi ya ampea 10 akaweka ya 30, au akachomeka kipande cha waya, au akakunja karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, hajatengeneza gari. Amemwua mlinzi na kuuacha mlango wazi. Kuanzia hapo kitakachoungua ni waya wenyewe, chini ya dashibodi, mahali ambapo mkono haufiki.

Hatari hii imeongezwa na mapambo. Gari lililoundwa likiwa na redio ndogo na taa nne leo hubebeshwa spika kubwa, taa za rangi, alamu na soketi za kuchajia simu za abiria wote, na nyaya zake huungwa kwa kusokotwa vidole na kufunikwa kwa kipande cha nailoni. Barabara za changarawe hufanya kazi iliyobaki. Kila tuta na kila korongo huzitikisa nyaya hizo, na betri isiyofungwa vema huruka hadi kichwa chake kikagusa boneti. Panya nao, ambao hupenda kulala kwenye injini yenye uvuguvugu, hutafuna ngozi za nyaya na kuacha viota vya majani makavu palepale penye joto.

La tatu ni joto lenyewe. Rejeta inayovuja na kujazwa maji kila baada ya kilomita kumi ni onyo. Breki iliyoshika, ambayo dereva huisikia kwa harufu na kuipuuza kwa kuwa amebakiza mwendo mfupi, huweza kulichoma tairi. Na liko joto ambalo halitokani na ubovu wowote: bomba la kutolea moshi la gari zima kabisa. Kati ya Juni na Novemba majani ya kusini yamekauka. Mtu anayetoka barabarani na kuegesha gari juu ya majani marefu ili apumzike chini ya mwembe huweza kujiandalia moto chini ya tangi lake mwenyewe, na kumwandalia jirani moto katika shamba la mikorosho.

Hayo yote hutokea popote. Lakini Nachingwea na Ruangwa zina jambo lao zaidi, nalo ni shehena. Wakati wa kupulizia mikorosho, gari moja laweza kuonekana likiwa limebeba mifuko ya salfa, mashine za kupulizia zenye petroli ndani ya vitangi vyake, dumu la petroli ya akiba, na juu ya mzigo huo vijana wanne waliokodiwa kufanya kazi, mmoja wao akivuta sigara. Salfa ni dawa ya ubwiriunga, na mkulima anaijua kwa faida yake. Ni lazima aijue pia kwa hatari yake: vumbi lake huwaka upesi, na likiwaka hutoa hewa inayokaba koo na kuchoma mapafu. Kuiweka pamoja na petroli ndani ya gari lililofungwa madirisha ni kukusanya kuni na kiberiti katika kikapu kimoja. Vivyo hivyo petroli ya kwenye chupa za maji, ambayo vijijini huuzwa kando ya njia, haina mahali pa salama ndani ya gari lenye abiria. Chupa hulainika, kifuniko hulegea, na mvuke hujaa kwenye buti bila mtu kujua.

Liko na jambo jingine ambalo halihusu mwanzo wa moto bali mwisho wake, nalo ndilo linaloua. Katika magari mengi makuukuu ya abiria, yale ambayo wananchi wamezoea kuyaita michomoko, mlango wa nyuma haufunguki kwa ndani. Kishikio kimevunjika, na abiria hungoja dereva ashuke aje kuwafungulia. Kioo hakishuki. Kwenye buti wamekunjwa watu wawili, na buti limefungwa kwa kamba. Maadam safari ni salama, hali hiyo huchukuliwa kuwa kichekesho. Moshi ukiingia, kishikio kilichovunjika huwa ndicho tofauti baina ya mtu aliyeungua gari na mtu aliyeungua mwenyewe. Hakuna umaskini unaoweza kuhalalisha mlango usiofunguka.

Taifa limekwisha kulipa gharama kubwa kujifunza tabia za moto wa barabarani. Agosti 10, 2019, lori la mafuta lilipinduka Msamvu, Morogoro. Wananchi walikusanyika kuchota petroli, moto ukalipuka, na watu zaidi ya 100 wakapoteza maisha. Miaka tisa kabla ya hapo, Julai 2, 2010, msiba wa namna ileile uliwakumba wananchi wa Sange katika Kivu ya Kusini, Kongo, ukaua zaidi ya watu 200. Juni 28, 2025, katika eneo la Sabasaba wilayani Same, basi kubwa na basi dogo yaligongana na kuwaka moto, na watu zaidi ya 35 wakafa. Misiba hiyo haikutokana na ukuukuu wa gari dogo la mtumishi. Lakini inafundisha mambo mawili ambayo hayabadiliki, liwe lori la lita elfu thelathini au gari dogo la lita arobaini: petroli iliyotoka mahali pake haina rafiki, na mtu aliyenaswa ndani hana muda.

Zipo hoja za kujitetea. Iliyo kubwa ni kwamba mshahara ni mdogo, vipuri ni ghali, na mtumishi hakununua gari kuukuu kwa kupenda. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, na hakuna mwenye haki ya kumdharau mwalimu aliyeweka akiba miaka kadhaa akapata gari lililokwisha kutumiwa na mtu mwingine ng'ambo. Umri wa gari si kosa. Liko gari la miaka thelathini linalofika salama kila siku kwa sababu mwenyewe analijua na kulihudumia, na liko la miaka kumi ambalo ni jeneza kwa sababu mwenyewe hulijazia mafuta tu. Ila yafaa mwenye kutoa hoja ya gharama ahesabu sawasawa. Mpira wa mafuta na klipu zake mbili ni vitu vidogo katika duka la vipuri, na bei yake haifikii ya tangi moja la petroli. Fyuzi ya kiasi kinachotakiwa ni rahisi kuliko soda. Aghalabu mtu huyohuyo anayelalamikia bei ya mpira amekwisha kulipia spika na rangi ya vioo. Linalokosekana hapo ni mpango, wala si fedha.

Ardhi ya Nachingwea yenyewe ina historia ya kufundisha somo hili. Mradi wa karanga ulioanzishwa na Serikali ya Uingereza mwaka 1947, ambao ulianzia Kongwa kisha ukafika Urambo na Nachingwea, uliletewa kwa wingi matrekta na mitambo iliyokwisha kutumika, mengi yakiwa mabaki ya Vita Kuu ya Pili. Hata vifaru vya vita viligeuzwa kuwa matrekta. Mitambo hiyo ililetwa mbele ya mafundi na vipuri vya kutosha, ikaharibika kwa wingi porini, na Januari 1951 mradi ukatangazwa kwamba umeshindwa, baada ya kumeza zaidi ya pauni milioni 30. Zilikuwapo sababu nyingine pia, za ardhi na za mvua. Lakini sehemu moja ya somo hilo ni dhahiri: chombo kilichotumika si urahisi kama mwenye kukipokea hakujiandaa kukitunza. Anayenunua gari kuukuu amenunua pia wajibu ambao mwenye gari la kwanza alikuwa akiubeba.

Wajibu huo si mdogo. Magari mengi madogo yanayoingia nchini hutoka Japani, ambako sheria huyalazimisha kukaguliwa yanapotimiza miaka mitatu, na baada ya hapo kila miaka miwili. Gari lilizoea kutazamwa na jicho la mtaalamu kwa kipindi kinachojulikana. Likishuka Dar es Salaam na kufika Ruangwa, jicho hilo limeachwa nyuma. Kenya iliamua kuzuia kuingizwa kwa magari yenye umri unaozidi miaka minane. Tanzania haikufunga mlango. Ilichagua kuyatoza magari ya umri mkubwa ushuru zaidi. Uamuzi huo umewapa wananchi wengi wa kipato cha kawaida nafasi ya kumiliki gari. Ili nafasi hiyo isigeuke kuwa msiba, ni lazima ukaguzi ulioachwa Japani upate mrithi hapa nyumbani. Stika iliyobandikwa kwenye kioo wakati wa Wiki ya Nenda kwa Usalama ni jambo jema, lakini stika haizimi moto. Kinachotakiwa ni ukaguzi wenyewe: boneti ifunguliwe, mipira ikamatwe kwa mkono, milango ijaribiwe kwa ndani, na mtungi utazamwe mshale wake.

Mtungi wa kuzimia moto nao una hadithi yake. Katika magari mengi upo kwa ajili ya askari wa usalama barabarani. Umefukiwa chini ya viatu na madaftari kwenye buti, tarehe yake imepita, na unga uliomo umeganda chini kwa kutikiswa na barabara. Mtungi wa namna hiyo ni pambo. Mtungi wa gari hauna budi uwe wa unga mkavu, ufungwe karibu na mkono wa dereva, mshale wake uwe katika rangi ya kijani, na kila mwezi upinduliwe na kutikiswa ili unga ulegee. Dereva ajue kwamba mtungi mdogo wa kilo moja hudumu sekunde kumi hivi. Sekunde hizo zatosha kuua moto mchanga, lakini hazitoshi kujifunza jinsi ya kuvuta pini.

Kwa hiyo kila mwenye gari ajiwekee desturi. Asubuhi, kabla ya kuwasha, ainame atazame chini kama kuna tone, na avute pumzi kama kuna harufu. Mara moja kwa wiki afungue boneti, aondoe majani na viota, aguse mipira na kuhakikisha betri imefungwa. Fyuzi ikiungua mara ya pili, asiibadilishe tena bali atafute sababu. Petroli isisafiri pamoja na watu, na salfa isisafiri pamoja na petroli. Panapovuja mafuta, gari lisiwashwe hata kwa mwendo wa kufika gereji. Fundi ndiye aende kwenye gari.

Na moto ukitokea pamoja na tahadhari zote hizo, utaratibu ni mmoja. Simamisha gari, zima injini, toa watu wote na uwapeleke mbali, si chini ya hatua hamsini, upande upepo unakotoka. Boneti inayofuka moshi isifunguliwe wazi, kwa kuwa hewa huulisha moto. Inyanyuliwe kidogo tu na unga upulizwe kwenye uwazi, ukielekezwa kwenye shina la moto. Maji yasimwagwe juu ya petroli inayowaka, kwa kuwa huitawanya. Mchanga ni bora. Simu ipigwe namba 114. Moto ukishinda mtungi, gari liachwe. Hakuna simu, cheti wala gunia la korosho linalostahili mtu arudi ndani.

Lakini haitakuwa haki kumwachia mwenye gari binafsi peke yake mzigo huu. Viongozi na watendaji wa Serikali wanapaswa kutangulia. Gari la halmashauri, la hospitali au la shule ni mali ya umma, na wanaopanda humo hawakulichagua. Inajulikana katika ofisi nyingi jinsi matengenezo yanavyoahirishwa kwa kisingizio cha fungu kwisha, ilhali fungu la posho za safari hupatikana. Ofisa anayeidhinisha safari ya gari ambalo dereva amekwisha kuripoti kwamba linanuka petroli ameidhinisha hatari, na saini yake ipo. Wakala wa Ufundi na Umeme, TEMESA, una kazi ya kuhudumia magari ya Serikali. Ofisi nazo zina kazi ya kuyapeleka mapema, si kuyavuta kwa kamba. Dereva anayekataa kuondoa gari bovu asihesabiwe kuwa mkaidi. Huyo ndiye mtumishi mwaminifu kuliko wote siku hiyo, na mkuu wake hana budi amlinde.

Kikosi cha Usalama Barabarani nacho kina wajibu wa kuitazama milango na nyaya kwa bidii ileile kinayotumia kutazama mwendo kasi. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, ambalo lina mamlaka yake kwa sheria ya mwaka 2007, linaweza kufanya kazi kubwa zaidi siku ya mnada au ya kikao cha chama cha msingi kuliko siku ya moto. Saa moja ya kuwaonyesha madereva jinsi ya kutumia mtungi, mbele ya moto halisi katika karai, itaokoa wengi kuliko hotuba. Mafundi wa chini ya mwembe, ambao ndio tegemeo la wilaya hizi, wasidharauliwe wala wasiachwe kama walivyo. Vyuo vya ufundi viwafuate walipo, viwape mafunzo mafupi ya nyaya na mifumo ya mafuta, na viwatambue kwa vyeti, ili mwenye gari ajue anamkabidhi nani uhai wake.

Mwisho, hakuna kampeni iliyowahi kufaulu nchini bila walimu. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, wananchi wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi kusikiliza redio na kujadili, kisha wakachimba vyoo na kusafisha mazingira kwa mikono yao wenyewe. Hawakungoja daktari awafikie ndipo wajikinge na maradhi. Moto ni maradhi ya namna hiyohiyo. Mwalimu wa sayansi anayefundisha kwamba moto unahitaji kitu kinachowaka, hewa na joto anaweza kuwapeleka wanafunzi wake nje, akafungua boneti ya gari lake mwenyewe, akawaonyesha vitu hivyo vitatu vikiwa vimekaa jirani. Watoto hao watarudi nyumbani na kumwuliza baba kwa nini dumu la petroli limekaa chini ya kiti. Mabalozi wa mashina na wenyeviti wa vijiji nao waweza kuliweka jambo hili katika ajenda, pamoja na moto wa mashambani, kwa kuwa wakati wake ni uleule.

Wananchi wa Nachingwea na Ruangwa hawawezi wote kununua magari mapya, wala hakuna anayewataka kufanya hivyo. Wanachoweza ni kukataa mazoea ya kupanda chombo ambacho kila mtu anajua kasoro yake na hakuna anayeirekebisha. Msimu ujao barabara zitajaa tena. Kati ya leo na siku hiyo upo muda wa kutosha wa kubadilisha mpira, kurudisha fyuzi yenye kiasi chake, na kutengeneza kishikio cha mlango wa nyuma. Mwenye gari na aanze na hicho kishikio, leo, kabla hajampakia mtoto wa mtu mwingine.